Rolex ilitengenezwa kwa ajili ya vumbi

Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma hauachi kitu kikiwa safi. Kata ya Zuzu, upande wa magharibi wa jiji, inalijua vumbi la upepo huo kuliko mitaa ya ofisi. Hukaa juu ya mabati, hufuata tuta la reli ya kati, huvamia injini za bodaboda, na likipata upenyo wa unywele huingia hata ndani ya saa ya mkono. Saa nyingi zinazosimama katika nchi kavu kama hii hazijavunjika kitu. Chembe chache za mchanga zimechanganyika na tone la mafuta lililokuwa likilainisha mashine, mafuta yamegeuka tope, mshale wa dakika ukaanza kuchelewa, na mwishowe ukagoma.

Tatizo hilohilo ndilo lililompa utajiri Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex. Ni vizuri likumbukwe sasa, wakati saa yake imekuwa alama ya vikao, harusi na majukwaa ya siasa, na Dodoma yenyewe imejaa watu wenye sababu ya kutaka kuonekana wamefika.

Wilsdorf alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Kulmbach, Ujerumani, akabaki yatima akiwa na miaka 12. Alijifunza biashara ya saa huko La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akahamia London mwaka 1903, na mwaka 1905 akafungua kampuni pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Mashine za saa hawakuzitengeneza wenyewe. Walizinunua kutoka kiwanda cha Aegler mjini Bienne, wakazitia kwenye makasha na kuwauzia masonara. Jina Rolex lilisajiliwa mwaka 1908. Enzi hizo mwanaume wa heshima wa Ulaya alibeba saa mfukoni, ikining'inia kwenye mnyororo. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, tena pambo lisilotegemewa, maana mashine ndogo haikuaminiwa kushika majira. Wilsdorf hakubishana na watu kwa maneno; alitafuta vyeti. Mwaka 1914 saa yake moja ndogo ilipimwa kwa siku 45 katika kituo cha Kew, Uingereza, ikapata cheti cha daraja A, ambacho hadi wakati huo kilikuwa fungu la saa kubwa za mabaharia.

Mwaka huohuo vita kuu ikaanza. Askari anayeshika bunduki hawezi kuchomoa saa mfukoni kila mara, na mashambulizi yalipangwa kwa dakika. Vita hiyo ilifika hadi huku kwetu: mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma na kuikamata reli ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha hapo mwaka 1910. Vita ilipokwisha, wanaume waliokwishazoea kutazama mkono hawakuurudia mnyororo. Wilsdorf, aliyeelemewa na ushuru wa theluthi moja ambao Uingereza iliutoza saa kutoka nje, alihamia Geneva mwaka 1919.

Kilichobaki kilikuwa vumbi na maji.

Mwaka 1926 Rolex ilitoa saa iitwayo Oyster. Kifuniko cha nyuma kilifungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, pete ya mbele inayoshika kioo vilevile, na hata kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo kilikazwa hadi kikabana na kasha. Wazo la kifundo cha kukaza halikuwa la Wilsdorf. Lilikuwa la mafundi wawili wa Uswisi, Paul Perregaux na Georges Perret, naye akanunua haki ya uvumbuzi wao. Kadhalika saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono ilikwishabuniwa na Mwingereza John Harwood. Rolex ilikuja na yake mwaka 1931, yenye pia ya chuma izungukayo duara zima, na hiyo ndiyo njia inayofuatwa hadi leo na karibu kila saa ya aina hiyo. Haya yasemwe waziwazi, kwa sababu matangazo ya kampuni kubwa huwafanya watu waamini kwamba mtu mmoja aliota kila kitu usiku mmoja. Ukubwa wa Wilsdorf ulikuwa katika kutambua kazi nzuri ya mwenzake, kuilipia, na kuikamilisha.

Alijua pia kuitangaza. Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa London, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuogelea mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa. Mwanamke mwingine akadai amefanya vivyo hivyo kwa muda mfupi zaidi, ikabainika kuwa ni uongo, na wasiwasi ukamwangukia hata Gleitze. Akaamua kurudia mbele ya mashahidi, tarehe 21 Oktoba, huku Oyster ikining'inia shingoni mwake. Maji yalikuwa baridi ya kuua. Baada ya zaidi ya saa kumi ilibidi atolewe kabla ya kufika. Saa iliendelea kutembea bila kasoro. Mwezi uliofuata Rolex ilinunua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuueleza ulimwengu.

Anayetaka kuelewa ufundi huo asianze na picha za matangazo. Atazame saa ikifunguliwa. Fundi hukaza lenzi jichoni, hugeuza kifuniko cha nyuma kwa chombo chenye meno, na kitu cha kwanza kuonekana ni ile pia, nusu duara ya chuma iliyoshikwa katikati na kuachwa izunguke kila mkono unaposogea. Kila ikizunguka hukaza springi iliyojikunja ndani ya pipa dogo. Springi hutaka kufunguka kwa mara moja, hairuhusiwi. Kipande kidogo chenye vidole viwili huachia jino moja la gurudumu, hudaka linalofuata, huachia, hudaka, mara nane kila sekunde, yaani takriban mara 690,000 kwa siku. Punje moja ya mchanga wa Zuzu ikikaa kati ya jino na kidole, hesabu yote huvurugika. Ndiyo maana kasha lililofungwa vizuri lilikuwa na thamani kuliko dhahabu ya kulipakia.

Watu wa reli waliijua thamani ya hesabu hiyo mapema kuliko wengi. Aprili 1891, katika kijiji cha Kipton, jimbo la Ohio, Marekani, treni mbili ziligongana ana kwa ana kwa sababu saa ya dereva mmoja ilisimama dakika nne kisha ikaendelea bila yeye kujua. Baada ya ajali hiyo sonara Webb C. Ball alipewa kazi ya kuweka kanuni za saa za wafanyakazi wa reli: ruhusa ya kukosea isizidi sekunde 30 kwa wiki, na kila saa ikaguliwe na fundi aliyethibitishwa. Jina la Ball nalo limekuwa chapa ya saa za gharama siku hizi, na wengi wanaoivaa hawajui kwamba ilitokana na maiti zilizolala kando ya reli.

Zuzu imezungukwa na kazi za namna hiyo. Reli ya zamani inapita hapo kuelekea Bahi, Tabora na Kigoma. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu Julai 2024, na ratiba yake ni ya dakika, si ya "asubuhi" na "jioni". Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, kilichoungwa na njia kuu kutoka Iringa hadi Shinyanga, kinaishi kwa kipimo kikali zaidi: mkondo wa gridi yetu hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na hitilafu ikitokea vifaa vya kulinda laini hutakiwa kukata kabla mtu hajapepesa jicho. Usahihi wa wakati si jambo la Geneva peke yake. Upo pale nyuma ya uzio, ukilindwa na vijana wa zamu ambao pengine mikononi wana saa za plastiki.

Na hizo za plastiki, kwa kushika majira, zinaishinda Rolex. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkono inayoongozwa na kipande cha jiwe la kwatzi na betri. Kwatzi ya saa za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde; kosa lake ni sekunde chache kwa mwezi, wakati Rolex yenyewe hujivunia kosa lisilozidi sekunde mbili kwa siku. Uswisi ilitikisika. Wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa, waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walipungua hadi karibu 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa ya springi ilikuwa imeshindwa kwa kila kipimo cha kazi.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Kampuni zilizonusurika ziliacha kuuza majira zikaanza kuuza cheo. Rolex ilikuwa imeandaa njia tangu 1956 kwa saa yake ya Day-Date, inayoandika jina la siku kwa urefu, na ambayo haitengenezwi ila kwa dhahabu au platinamu. Marais na wafalme wakaipenda. Aina ya Daytona, iliyotoka 1963 kwa ajili ya madereva wa mashindano ya magari, ilikaa madukani bila wanunuzi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwenye mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Chuma ni kilekile. Bei ilipanda kwa sababu ya mkono ulioivaa.

Kwa Waswahili wa Omani, hadithi hii ina ukurasa wake wa pekee. Sultani Qaboos alitwaa madaraka Julai 1970, mwaka uliofungua mlango kwa Waomani wengi wa Zanzibar na bara kurejea Muscat. Katika miaka iliyofuata aliagiza Rolex zilizochorwa jambia na panga mbili, nembo ya ufalme wake, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akawazawadia maofisa na askari wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita ya Dhofar. Leo saa hizo hugombewa minadani. Aliyekabidhiwa kwa mkono wa sultani alipata shukrani. Anayeinunua sasa ananunua jambia lililochorwa usoni mwa saa.

Saa ya cheo huja na maswali, na maswali hayo yamefika karibu. Juni 2024 vijana wa Kenya waliopinga Muswada wa Fedha walisambaza picha za wanasiasa wenye saa, mikanda na viatu vya bei ya kutisha, wakaziweka pembeni ya orodha ya kodi mpya za wananchi. Machi mwaka huohuo polisi wa Peru walivunja mlango wa nyumba ya Rais Dina Boluarte wakitafuta Rolex ambazo hakuwa amezieleza kwenye taarifa zake za mali. Hapa kwetu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Saa ni mali ndogo kwa umbo na kubwa kwa thamani, hupita chini ya mkono wa shati. Kiongozi anayevaa mshahara wa miaka kadhaa wa mwalimu wa Zuzu aone fahari ya kuiandika kwenye fomu kama anavyoandika shamba na gari. Akishindwa kuiandika, aiache.

Si haki, hata hivyo, kuifanya Rolex kuwa sura ya ubadhirifu tu. Baada ya mkewe kufariki mwaka 1944, Wilsdorf, ambaye hakuwa na mtoto, aliiacha kampuni mikononi mwa wakfu unaobeba jina lake. Hadi leo wakfu huo ndio mmiliki. Hakuna hisa za Rolex sokoni. Wakati wa vita ya pili ya dunia Wilsdorf aliwapelekea saa maofisa wa Uingereza waliofungwa kambini Ujerumani na kuwaambia wasifikirie malipo mpaka vita iishe. Tangu mwaka 1976 kampuni inatoa tuzo kwa watu wenye kazi za maana, na Afrika Mashariki imo. Mtanzania Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, Kilimanjaro, alipata moja mwaka 2002 kwa kuotesha na kupanda miche ya mpingo pamoja na wanafunzi na wanavijiji. Mpingo ni mti wa nchi kavu, wa kinyago na wa zumari, unaokua polepole kiasi kwamba anayeupanda hatarajii kuuvuna. Mkenya Beth Koigi aliipata mwaka 2023 kwa mitambo yake ya kuvuna maji kutoka hewani kwenye maeneo ya ukame, kazi ambayo mtu yeyote aliyewahi kusubiri foleni ya ndoo Dodoma ataielewa bila kufafanuliwa. Chuwa alifariki mwaka 2014. Katika yote yaliyofanywa na kampuni ile kwa eneo hili, kumlipa mtu apande mpingo ndilo linalostahili kutajwa kwanza.

Lakini mnunuzi wa kawaida wa Dodoma haikuti Rolex kwa njia hizo. Anaikuta juu ya meza ya mchuuzi, taji la nembo likiwa limechorwa vizuri, kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Ni bandia, na yeye na mchuuzi wote wanajua. Sheria inakataza, na Tume ya Ushindani huendesha misako dhidi ya bidhaa za aina hiyo. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haiipati Geneva. Inampata kijana anayetoa akiba yake kwa ajili ya nembo iliyobandikwa juu ya mashine isiyofunguka, isiyo na kipuri, itakayotupwa jalalani msimu mmoja wa vumbi ukipita. Kwa fedha hiyohiyo, au nyongeza ndogo, angepata saa halali ya Casio, au Seiko 5 ya mtumba, inayofunguka, inayosafishika na yenye vipuri.

Hapo ndipo anapohitajika fundi saa. Yule wa kijimeza cha mbao na sanduku la kioo, mwenye vibanio, bisibisi nyembamba kama sindano na kikopo cha petroli safi ya kuoshea mashine. Zamani kila mji wa reli ulikuwa na watu hao. Sasa wengi wamebaki wa kubadilisha betri na kufupisha mikanda, kwa sababu simu imechukua kazi ya kutaja saa na kwa sababu saa bandia haitengenezeki. Wazee wenye uwezo wa kuvua springi na kuirudisha wanazidi kupungua, na mikono yao inaondoka na elimu ambayo haikuandikwa popote.

Huko zilikozaliwa saa hizi, tatizo ni hilohilo kwa sura nyingine. Mafundi wa kujitegemea wa Ulaya waliwashitaki watengenezaji wakubwa wa Uswisi kwa kuwanyima vipuri. Tume ya Ulaya iliyakataa malalamiko yao mwaka 2014, na mwaka 2017 mahakama ikaunga mkono uamuzi huo. Hivyo tajiri wa hapa anayemiliki Rolex halisi, ikihitaji matengenezo, hulazimika kuipeleka kwa wakala wa kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Wakati huohuo kampuni yenyewe imeona kwamba mafundi wanamalizika: ilifungua chuo Dallas, Marekani, kinachofundisha vijana ufundi saa kwa mwaka mmoja na nusu bila kuwatoza ada. Kampuni yenye fedha za kununua matangazo ya kila uwanja wa tenisi duniani imeamua kulipia vijana wakae mezani na vibanio. Inajua jina lake linasimama juu ya nini.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambayo makao yake makuu yako Dodoma, inaweza kulichukua jambo hili bila kusubiri Uswisi. Halihitaji jengo jipya. Linahitaji chumba kimoja kisichoingia vumbi, meza zenye mwanga, lenzi, vibanio, kifaa cha kusikiliza mapigo ya saa na kuonyesha kosa lake, na wazee wawili au watatu walipwe posho ya kufundisha. Kijana anayemaliza mafunzo hayo hatakosa kazi hata kama saa za mkono zikiisha kesho: mkono uliozoea kurudisha springi ya saa utatengeneza mita za maji na za umeme, mizani ya dukani, vipimo vya shinikizo la damu vya zahanati na vyombo vya maabara za shule, vitu ambavyo sasa hutupwa vikiwa na hitilafu ya skrubu moja. Shirika la Reli na shirika la umeme, TANESCO, ambao vijana wao wanaishi na sekunde hapo Zuzu, wangekuwa wa kwanza kunufaika. Nalo Jiji, likipanga upya maeneo ya wafanyabiashara wadogo, liwatengee mafundi saa vibanda vyenye mlango na kioo badala ya kuwapanga kando ya barabara, kwa maana fundi anayefungua mashine kwenye upepo wa Agosti anaanza kazi akiwa amekwishashindwa.